Ushindi 2,029 Bila Kombe: Majibu Kuhusu Kocha Mike Martin

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kumhusu Mike Martin wa Chuo Kikuu cha Florida State. Nilisema kwamba kwangu mimi ndiye kocha mkubwa kuliko wote waliopita katika besiboli ya vyuo vya Marekani. Barua zilizokuja zimenilazimisha nimpe safu nzima. Nimechagua tano.

Dada, shikamoo. Nimesoma ulivyomsifu Mike Martin nikaenda kumchunguza. Huyo bwana hakuwahi kuchukua ubingwa wa taifa hata mara moja! Rod Dedeaux anayo makombe 11. Sisi mashabiki kocha tunampima kwa makombe. Wewe unampima kwa nini? — Shabiki asiyekubali

Marahaba, mdogo wangu. Umechunguza vizuri, na sitapunguza chochote katika ulichokikuta. Dedeaux aliifundisha USC, Chuo Kikuu cha Southern California cha Los Angeles, kuanzia 1942 hadi 1986 akaipa ubingwa wa taifa mara 11, na matano kati ya hayo aliyachukua mfululizo, 1970 hadi 1974. Skip Bertman aliipa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mataji matano kati ya 1991 na 2000. Augie Garrido naye anayo matano, matatu akiwa Cal State Fullerton na mawili akiwa Texas. Martin hana hata moja. Aliipeleka timu yake kwenye fainali za taifa zinazochezwa Omaha mara 17, na mara zote 17 akarudi mikono mitupu.

Sasa tazama upande wa pili. Martin alikaa na Florida State misimu 40, 1980 hadi 2019. Alishinda mechi 2,029, akafungwa 736, akatoka sare 4. Mei 2018 ndipo alipompita Garrido aliyekuwa akishikilia rekodi ya ushindi mwingi kwa 1,975, wiki chache tu baada ya Garrido kufariki dunia. Lakini hata hiyo 2,029 siyo inayonifanya nimweke juu. Kinachonifanya nimweke juu ni hiki: katika misimu yote 40, hakuna hata mmoja alioshinda mechi pungufu ya 40. Na hakuna mwaka ambao timu yake ilikosa kuingia mashindano ya taifa. Chukua muda ulifikirie hilo. Wachezaji wa chuo wanakaa miaka mitatu au minne, halafu wanaondoka. Kwa hiyo huyu hakuwa na timu moja nzuri iliyodumu. Alijenga timu upya zaidi ya mara kumi, na zote zikasimama.

Kombe lenyewe linapatikanaje? Tangu 1999 timu 64 zinaingia. Zinagawanywa katika makundi 16 ya timu nne nne, washindi 16 wanakutana wawili wawili, na nane zinazobaki zinakwenda Omaha, Nebraska, ambako fainali zimekuwa zikichezwa tangu 1950. Ukipoteza mechi mbili umetoka. Na besiboli ni mchezo wa mkono wa mtupaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Mtupaji wako bora akishatupa mipira mia moja leo, anahitaji siku kadhaa za kupumzika. Kwa hiyo timu bora inaweza kutolewa kwa sababu tu ilimtumia mtu wake mapema mno, au mvua ilisogeza ratiba. Isitoshe, kuanzia 1988 hadi 2002 bingwa aliamuliwa kwa mechi moja tu ya mwisho.

Nikupe mfano wa Bertman, ambaye namheshimu sana. Fainali ya 1996, LSU iko nyuma 8-7 dhidi ya Miami, zamu ya tisa na ya mwisho, imebakiza mtu mmoja tu kutolewa mechi iishe, na ina mchezaji mmoja kwenye besi. Anaingia Warren Morris, kijana aliyekosa sehemu kubwa ya msimu kwa kuvunjika kamfupa ka mkononi, na ambaye mwaka ule hakuwa amepiga mpira hata mmoja ukavuka uzio. Mpira wa kwanza aliotupiwa akaupiga ukanyooka kulia, chini chini, ukapita juu kidogo tu ya uzio, na wote wawili wakafunga. LSU 9, Miami 8. Ule mpira ungeshuka kidogo, huenda Bertman angeshindwa siku ile. Je, angekuwa kocha mdogo zaidi? Mimi nasema hapana. Martin alifika mechi ya mwisho mara mbili. Mwaka 1986 Arizona waliwafunga 10-2, na hapo hakuna la kubishana. Mwaka 1999 walifungwa na Miami 6-5.

Hata hivyo, sitaki uondoke ukidhani nasema ni bahati mbaya peke yake. Mara 17 ni nyingi mno kuitwa bahati. Timu za Martin zilijulikana kwa subira ya wapigaji wake. Mtupaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, na vijana wa Florida State walikuwa mabingwa wa kuzikusanya hizo besi za bure. Mbinu hiyo inawaua watupaji wa kawaida unaokutana nao Machi na Aprili. Omaha unakutana na watupaji wanane tisa bora nchini, watu wasiotoa bure. Ukisubiri zawadi, wanakutoa ukiwa umesimama na gongo begani. Kwa maoni yangu hapo ndipo Martin alipokwama, na wanaomkosoa kwa hilo wana hoja. Lakini mbinu ileile ndiyo iliyomfikisha Omaha mara 17. Huwezi kuichukua nusu ukaiacha nusu.

Dada mpendwa, je, Martin mwenyewe alikuwa mchezaji mkubwa? Aliipataje kazi ile akiwa bado kijana? — Msomaji wa kila toleo

Hakuwa nyota. Alizaliwa 1944, akakulia North Carolina, akaanzia chuo kidogo cha Wingate kisha akahamia Florida State akiwa mlinzi wa sehemu ya nyuma ya uwanja. Mwaka 1965 alikwenda Omaha kama mchezaji. Baadaye akajaribu ligi za chini za kulipwa, hakufika ligi kuu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kabla ya kushika besiboli alikuwa kocha wa mpira wa kikapu, kwenye chuo cha jamii cha Tallahassee, mji uleule wa Florida State. Mwaka 1975 akaingia Florida State kama msaidizi. Mwaka 1979 chuo kilimleta Dick Howser kuwa kocha mkuu, mtu maarufu, aliyewahi kucheza chuoni hapo na kufika ligi kuu. Howser alikaa msimu mmoja tu. New York Yankees wakamwita, akaenda, na msimu wake wa kwanza huko, 1980, Yankees wakashinda mechi 103. Miaka mitano baadaye aliipa Kansas City Royals ubingwa wa dunia. Alifariki 1987 kwa saratani ya ubongo, akiwa bado mtu wa makamo.

Kiti alichokiacha Howser ndicho alichopewa Martin, mwenye umri wa miaka 35. Leo uwanja unaitwa Dick Howser, na eneo la kuchezea lililo ndani yake, tangu 2005, limepewa jina la Mike Martin. Mmoja alikaa mwaka mmoja, mwingine miaka 40, na majina yao yamelala pamoja. Mimi napenda sana jambo hilo.

Nilipokuwa nasoma Tallahassee nilikuwa nakwenda pale jioni za Ijumaa. Kwa wasiojua, kwenye besiboli kocha huvaa jezi kama wachezaji, si suti wala fulana ya mazoezi. Martin alivaa namba 11, na watu mjini walimwita hivyohivyo, "Eleven". Nyuma ya uzio kuna kundi la mashabiki wanaojiita Wanyama wa Sehemu B. Hao huwa na nyimbo za kila tukio. Katikati ya zamu ya tano wanasimama na kuimba wimbo wa taifa wa Kanada! Si kwamba kuna mchezaji kutoka Kanada. Waliwahi kuuimba, timu ikaamka, basi ukawa wa kila mechi.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia mpigaji. Kijana anaingia, mpira wa kwanza unapita nje kidogo, anauacha. Wa pili uko ndani ya eneo halali, anauacha pia, mwamuzi anampa mtupaji. Wa tatu chini, anauacha. Wa nne anaugusa tu ukaenda pembeni. Wa tano pembeni tena. Wa sita pembeni. Mtupaji anafuta jasho, anamtazama mdakaji wake, anakataa ishara ya kwanza, anaikubali ya pili. Wa saba nje. Wa nane nje. Kijana anaweka gongo chini na kutembea kwenda besi ya kwanza, hajapiga kitu, na uwanja unashangilia kana kwamba amefunga. Wapigaji tisa wakifanya hivyo, ikifika zamu ya tano mtupaji wa wageni amekwisha, na kocha wao analazimika kuleta mtu wa akiba ambaye hakutaka kumtumia. Huo ndio uliokuwa mchezo wa Martin.

Mwandishi, mimi ni mwalimu wa michezo. Nataka kujua: kocha wa chuo anapataje wachezaji, na fedha za kuwasomesha zinatoka wapi? Kwa nini Martin aliweza kila mwaka? — Mwalimu

Swali hili, mwalimu, ndilo lililo karibu zaidi na moyo wa kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kocha wa ligi ya kulipwa anasajili. Kocha wa chuo anabembeleza. Anakwenda nyumbani kwa mtoto wa miaka 17, anakaa na wazazi, anawaeleza kwa nini kijana wao aje asome kwake badala ya chuo kingine. Na mkononi hana kingi cha kutoa. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya Martin, sheria ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliiruhusu timu ya besiboli ya daraja la kwanza kutoa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu. Kumi na moja nukta saba! Wakati huohuo timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani katika chuo kilekile iliruhusiwa 85. Kikosi cha besiboli kilikuwa na wachezaji hadi 35. Kwa hiyo kocha anaukata ule ufadhili vipande: huyu nusu, yule robo, yule tutaona mwakani. Baadaye sheria ikaongeza kwamba wanaolipiwa wasizidi 27, na kila mmoja apate walau robo. Familia inalipa kilichobaki, au kijana awe na alama nzuri apate msaada wa kitaaluma. Jimbo la Florida lina mpango wake wa kuwalipia ada wanafunzi wake waliofaulu vizuri, na kwa kocha wa chuo cha umma cha Florida huo ulikuwa msaada mkubwa. Ndiyo maana kocha mwenye akili alikuwa anaangalia cheti cha kijana kwanza, halafu gongo lake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya kesi kubwa kumalizwa mahakamani, vyuo vilivyojiunga na mpango mpya havina tena kikomo cha ufadhili. Kikomo kimebaki kwenye idadi ya wachezaji, 34. Vyuo tajiri vitafurahi. Lakini Martin alifanya kazi yake yote kwa kugawa vipande.

Mtego wa pili ni ligi kuu. Timu za kulipwa zinaweza kumchagua kijana akimaliza tu sekondari. Akikataa na kuingia chuo cha miaka minne, hazimgusi tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Maana yake kocha anaweza kumbembeleza kijana mwaka mzima, akakubali, kisha Julai timu ya kulipwa ikamwekea fedha mezani na asionekane chuoni. Na yule aliyekuja, akiwa mzuri kweli, anaondoka mwaka wa tatu. Kocha anaibiwa kwa mlango wa mbele na wa nyuma.

Mfano bora ni Buster Posey. Alikuja kutoka Georgia, na msimu wa 2006 akacheza katikati ya besi ya pili na ya tatu. Msimu uliofuata benchi la Florida State likamgeuza mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuongoza mchezo mzima. Kumgeuza kijana anayefanya vizuri mahali pake ni jambo la kuogopesha: ukikosea umeharibu nafasi mbili. Mei 2008, katika mechi moja dhidi ya Savannah State, Posey alicheza nafasi zote tisa, na bado akapiga mpira uliovuka uzio besi zote zikiwa zimejaa. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ngazi isiyo ya kulipwa nchini, Golden Spikes, na San Francisco Giants wakamchagua wa tano kwa jumla. Akiwa mdakaji wao, Giants wakatwaa ubingwa wa dunia 2010, 2012 na 2014.

Utauliza Florida State walipata nini. Walipata misimu mitatu, na safari moja ya Omaha. Halafu Posey akaondoka, na Martin akaanza tena kutafuta mdakaji. Mwaka uliofuata akashinda mechi zaidi ya 40 kama kawaida. Kwa mwalimu kama wewe sidhani kama nahitaji kueleza ugumu wa jambo hilo.

Nimesikia alimrithisha kazi mwanawe. Huo si upendeleo? — Binti wa chuo

Mwanangu, swali lako ni la haki. Mike Martin mdogo alikuwa mdakaji wa timu hiyo na kisha msaidizi wa baba yake kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo hakuokotwa barabarani. Lakini ni kweli jina lilimsaidia. Alipewa timu baada ya msimu wa 2019, na msimu wa 2022, alioshinda mechi 34 na kufungwa 25, ukawa wa mwisho wake. Ushindi 34 kwa vyuo vingi ni mwaka mzuri. Pale hautoshi, na aliyefanya usitoshe ni baba yake.

Akaletwa Link Jarrett, aliyecheza chini ya Martin miaka ya 1990 na aliyekuwa ametoka kuifikisha Notre Dame Omaha. Msimu wake wa kwanza, 2023, Florida State walishinda 23 na kufungwa 31. Kocha mzuri, chuo kilekile, uwanja uleule! Mimi kila mtu akiniambia kwamba zile 40 kwa miaka 40 zilikuwa rahisi kwa sababu Florida ina jua na vijana wengi wenye vipaji, namwonyesha mwaka huo. Mwaka 2024 Jarrett aliirudisha timu Omaha. Martin hakuuona msimu huo. Alifariki tarehe 1 Februari, akiwa na miaka 79, baada ya kuugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Dada, sijawahi kutazama mechi ya besiboli ya chuo. Nianzie wapi? Na ile timu ya mwisho ya Martin ilikuwaje? — Mgeni wa mchezo

Nianze na timu ya mwisho, maana ndiyo ninayokushauri uitafute kwenye video. Mwaka 2019, Martin alikwisha kutangaza kwamba anastaafu. Machi alifikisha ushindi wa 2,000, kocha wa kwanza wa besiboli ya vyuo kufika hapo. Kisha timu ikayumba, ikafungwa na watu isiyopaswa kufungwa nao, mpaka ikawa haijulikani kama itaingia mashindano. Ikaingia kwa taabu. Ikapelekwa Athens, jimbo la Georgia, ikawatoa Chuo Kikuu cha Georgia kwao. Ikapelekwa Baton Rouge, ikashinda ya kwanza dhidi ya LSU 6-4, na ya pili ikaenda zamu 12 kabla Drew Mendoza hajapiga mpira ulioleta 5-4. Mashabiki wa LSU, waliokuwa wamefungwa nyumbani kwao, walimpigia makofi mzee. Omaha wakawafunga Arkansas 1-0, kisha wakafungwa 2-0 na Michigan, kisha 4-1 na Texas Tech, ikawa basi. Timu ile ilimaliza na ushindi 42. Ukitazama moja tu, tazama ile ya Arkansas: Drew Parrish alitupa zamu nane bila kuruhusu kitu.

Ukitaka kufuatilia msimu mpya, unaanza katikati ya Februari. Kila timu ina mechi 56 za kawaida: moja katikati ya juma, na tatu dhidi ya mpinzani mmoja kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Anza na za Ijumaa, kwa sababu siku hiyo kila kocha anamtanguliza mtupaji wake bora. Ukizoea, hamia Jumapili, maana hapo watupaji wakubwa wamekwisha na kocha analazimika kufikiri. Timu 64 zinatangazwa mwishoni mwa Mei, na Omaha inaanza katikati ya Juni. Usihangaike kujifunza sheria zote mara moja. Hesabu tu mipira anayotupa mtupaji wa kwanza, na ikikaribia 90, mtazame kocha.